Rufiji: Kulala Mlimani, Kula Bondeni

Mwaka 1968 mto Rufiji ulifurika kupita kiasi walichokizoea watu wa bonde lake, na serikali ya Tanzania, iliyokuwa bado changa, ikatoa jibu ambalo kila msikilizaji angeliona la busara: kama bonde linajaa maji, wakazi wake wahame. Kuanzia wakati huo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, maelfu ya watu waliokuwa wametawanyika katika vichuguu na kingo za mto walipelekwa kwenye vijiji vya ujamaa vilivyopangwa juu ya miinuko, mbali na maji. Ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa za aina yake nchini, miaka kadhaa kabla ya agizo la Novemba 1973 lililofanya kuishi vijijini kuwa amri. Nyumba zilihama. Mashamba hayakuhama, maana udongo wenye rutuba ulibaki palepale mto ulipouweka. Tangu hapo Mrufiji akawa mtu anayelala mlimani na kula bondeni, na umbali huo kati ya kitanda chake na chungu chake ndio ninaotaka kuuchunguza. Hoja yangu ni kwamba hatari ya mafuriko hupungua pale mtu wa bondeni anapojua maji yatakuja lini na kwa kiasi gani, na anapokuwa na nafasi ya kuyapisha bila kupoteza chakula chake. Kila mpango uliomnyang'anya mojawapo ya hayo mawili, hata ulipokuwa na nia njema, ulimpunguzia hatari moja na kumwongezea nyingine.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza mto wenyewe ueleweke. Rufiji hukusanya maji ya takriban moja ya tano ya Tanzania Bara. Matawi yake makubwa ni matatu: Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji yote, ilhali Ruaha Mkuu, unaofahamika zaidi kwa sababu ya hifadhi ya wanyama na mabwawa ya umeme, huleta sehemu ndogo tu. Maji hayo yote hupita katika korongo jembamba la mawe lililojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Stiegler, kisha mto hutoka kwenye mwamba na kutandaa juu ya tambarare. Huko hupita Mloka, Utete na Ndundu, ukajigawa katika mikono mingi ya delta yenye mikoko, na kuingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Mvua inayoujaza haitoki Rufiji. Hunyesha katika nyanda za juu za Mbeya, Njombe, Iringa na Morogoro, ambako msimu ni mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo anga la Utete laweza kuwa jeupe huku mto ukipanda, na mwaka wenye ukame bondeni waweza kuwa mwaka wa maji mengi mtoni. Anayetazama mawingu ya kwao tu hawezi kujua kinachomjia. Tangu asili, mafuriko ya Rufiji yamekuwa suala la habari zitokazo mbali.

Watu wa bonde hilo, ambao wengi wao ni Warufiji na Wandengereko, walijenga uchumi wao juu ya mwenendo huo wa maji. Mpunga ulipandwa na mvua za vuli ili mche uwe umerefuka kabla mto haujafika shambani. Maji yakipanda polepole, mpunga hupanda nayo. Yakija kwa ghafla, au kabla ya wakati, huuzamisha. Kilele kwa kawaida huwa Aprili. Kuanzia Mei na Juni mto hurudi nyuma na kuacha tope jipya lenye unyevu, na hapo mkulima huufuata ukingo wa maji hatua kwa hatua, akipanda mahindi, kunde na maboga katika ardhi ambayo wiki chache tu nyuma ilikuwa chini ya maji. Mazao hayo hukua katikati ya kiangazi bila mvua na bila mbolea, kwa unyevu uliobaki ardhini na kwa mashapo yaliyoletwa kutoka milima ya mbali. Kilimo hicho cha kufuata maji yanayorudi ndicho kinachoitwa mlau. Mwaka 1938 Mwingereza H. Marsland alikiandikia makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akikitaja kwa jina lake hilohilo la wenyeji. Jina hilo katika jarida la wakoloni ni ushahidi kwamba utaratibu huo ulikuwa na sura kamili machoni pa mgeni pia.

Uzuri wa utaratibu huu unaonekana zaidi mtu akilinganisha miaka. Mwaka wa mafuriko madogo, mpunga ulio katika sehemu za juu hukosa maji, na eneo la mlau huwa finyu kwa kuwa mto haukufika mbali. Mwaka wa mafuriko ya kadiri, mpunga hustawi na mlau hupata ardhi ya kutosha. Mwaka wa mafuriko makubwa, mpunga huzama, lakini maji yakishuka huacha eneo kubwa la mlau lenye tope nono, na mkulima aliyepoteza Aprili huvuna Septemba. Mabwawa ya asili yaliyo kando ya mto nayo huungana na mto maji yanapopanda sana tu, na hapo ndipo samaki huingia humo na kuzaliana. Miaka ikipita bila mafuriko ya kutosha, mabwawa husinyaa na wavuvi huyahama. Huko delta, maji baridi ya mto huyasukuma maji ya chumvi yarudi baharini, na ndiyo yanayowawezesha watu wa huko kulima mpunga jirani na mikoko. Kwa maneno mengine, familia moja ilikuwa na mikono mitatu: mpunga, mlau na samaki. Mafuriko yaliyokata mkono mmoja mara nyingi yalinenepesha mwingine. Hii ilikuwa bima, nayo ada yake ililipwa kwa jasho la kulima mara mbili kwa mwaka na katika sehemu mbalimbali.

Makazi nayo yalikuwa sehemu ya bima hiyo. Watu hawakujenga kwa msongamano. Walikaa kwa kutawanyika kwenye kingo zilizoinuka, kila jamaa karibu na mashamba yake, na shambani walisimamisha dungu, kibanda kilichonyanyuliwa juu ya miti mirefu. Dungu lilifanya kazi mbili. Wakati wa mavuno lilikuwa mnara wa kulinda mpunga na mahindi dhidi ya nguruwe pori, tumbili na ndege. Wakati wa maji lilikuwa sakafu kavu, na mtumbwi ukafungwa chini yake. Maji yalipopanda kupita kiasi cha dungu, watu walikwenda miinukoni kwa muda, wakarudi. Mto nao, kabla haujafungiwa lango na mtu yeyote, ulikuwa na mfululizo unaosomeka: maji yalifika Mloka kabla ya Utete, na Utete kabla ya delta, na kupanda kwake kulichukua siku nyingi. Kwa hiyo mambo mawili niliyoyataja mwanzoni, yaani kujua na kuweza kupisha, yalikuwamo ndani ya maisha ya kila siku. Hayakuhitaji ofisi.

Walioutawala mto kutoka mbali waliuona kwa jicho jingine. Wajerumani waliona ardhi ya pamba, na shuruti yao ya pamba katika nchi ya kusini ilichangia kuwasha vita vya Maji Maji mwaka 1905, ambavyo dawa yake ilitoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, katika nchi hiihii ya mito iingiayo Rufiji. Waingereza waliona uwezekano uliokuwa ukipotea: mwaka 1929 ilitolewa ripoti ya A. M. Telford juu ya kuyaendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero, na kati ya 1948 na 1956 ukaendeshwa mradi wa kulima mpunga kwa matrekta, ambao haukujilipa ukafungwa. Mwaka 1961, Tanganyika ikiwa inaelekea uhuru, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa ripoti ndefu juu ya bonde zima, yenye ndoto ya bwawa kubwa, umwagiliaji na mto uliotulizwa. Ripoti hizi si za kubezwa; zimejaa vipimo ambavyo hadi leo vina faida. Lakini zilirithishana dhana moja: kwamba mafuriko ni kasoro ya mto inayosubiri fundi. Mlau ulitajwa, ukasifiwa hata, kisha ukawekwa kando kama jambo la wakati wa kungojea maendeleo. Serikali huru ilipoyakuta maji ya 1968, iliikuta pia dhana hiyo ikiwa tayari mezani.

Ndiyo maana uhamisho ulikuja kwa haraka na bila kuuliza swali la shamba. Kwenye miinuko ya kaskazini ya mto udongo mwingi ni wa kichanga. Unafaa kwa mikorosho na mihogo, lakini hauwezi kubeba mpunga wala mlau. Watu waliendelea kushuka bondeni kulima, wengine wakitembea kwa saa kadhaa, wengine wakivuka mto kwa mtumbwi. Aliyelala kijijini aliwaachia nguruwe na tumbili shamba lake usiku kucha. Aliyelala kwenye dungu aliwaacha watoto na wazee mlimani, akahesabiwa kuwa mkaidi. Mashamba ya mbali yaliachwa yakawa vichaka, na vichaka vikawa maficho ya wanyama walewale walioharibu mashamba yaliyobaki. Kilimo cha pamba, kilichotegemea sana kazi ya bondeni baada ya maji kushuka, kilididimia. Wataalamu waliofanya utafiti bondeni humo katika miaka ya 1970 na baadaye, akiwamo Audun Sandberg aliyefanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Kjell Havnevik, waliliona jambo hilo kwa namna inayofanana: uhamisho uliwaokoa watu na maji ya miaka michache mibaya kwa kuwatenga na maji ya miaka mingi mizuri. Mafuriko makubwa yalipokuja tena mwaka 1974, nyumba nyingi zilikuwa salama. Njaa haikuwa imehama.

Msomaji makini ataniuliza hapa kama siupaki rangi wakati uliopita. Je, Warufiji wa zamani hawakufa maji? Hawakuona njaa? Waliona. Kumbukumbu za utawala wa Waingereza zina taarifa za chakula cha msaada kupelekwa Rufiji, na mwaka 1968 wenyewe ulikuwa mwaka wa dhiki ya kweli, usiofaa kusimuliwa kama hadithi ya watu waliokuwa wakicheka na mto. Bima ya mpunga, mlau na samaki ilikuwa na mipaka. Ilishindwa mafuriko makubwa yalipofuatwa na kiangazi kilichokausha tope mapema, au maji yalipopanda mara mbili yakaua mpunga na mbegu ya kurudishia. Sidai kwamba utaratibu wa kale ulitosha. Nadai kwamba ulikuwa na sehemu zinazofanya kazi, na kwamba mtengenezaji mwadilifu huanza na kile kinachofanya kazi. Shida ya mwaka 1968 ilikuwa ya mbegu, chakula cha miezi mitatu na mahali pa kukimbilia. Dawa iliyotolewa ilikuwa ya kuhamisha nchi. Mtu aliyevunjika kidole hatibiwi kwa kukatwa mkono, hata kama mkono huo hautaumia kidole tena.

Kuna pingamizi la pili, nalo lina uzito zaidi. Vijiji vya miinukoni vilileta shule, zahanati, visima na barabara. Haiwezekani kumpelekea mwalimu kila mtu anayekaa peke yake kwenye ukingo wa mto, na vizazi vilivyosoma Ikwiriri na Kibiti visingependa kurudishwa kwenye dungu. Hili nalikubali lote. Wala idadi ya watu si ile ya 1938. Ardhi iliyokuwa ya kutawanyika sasa imejaa. Lakini angalia pingamizi hili linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba watu wanahitaji nyumba ya kudumu mahali pa juu. Halithibitishi kwamba wanapaswa kukatazwa makazi ya msimu mahali pa chini, wala kwamba shule ya mlimani haiwezi kuwa na kalenda inayojua mwezi wa mavuno. Kosa la operesheni ile lilikuwa kuichukulia familia kama kitu chenye anwani moja. Mrufiji alikuwa na anwani mbili tangu zamani, kama mfugaji alivyo na malisho ya masika na ya kiangazi, na mpango ambao ungemtambua hivyo ungempa mlima bila kumnyima bonde. Kwa vitendo ndivyo watu walivyoishi baadaye, wakishuka na kupanda kila mwaka, lakini waliishi hivyo kwa kujiiba, bila barabara za shambani, bila ghala bondeni, na bila yeyote aliyewajibika kuwaambia maji yanakuja.

Baada ya kuhamisha watu, fikra iliyofuata ilikuwa kuufunga mto. Kwenye Ruaha Mkuu lilijengwa bwawa la Kidatu, lililokamilika mwaka 1975, kisha Mtera mwaka 1980. Hayo yalileta umeme, lakini kwa kuwa Ruaha Mkuu huleta sehemu ndogo tu ya maji ya Rufiji, hayakuweza kuyatuliza mafuriko ya chini. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliyafunika mashamba ya bondeni kama kawaida. Matumaini makubwa yalikuwa korongoni. Mamlaka ya kuendeleza bonde, RUBADA, iliundwa mwaka 1975, wataalamu wa Norway wakachora bwawa, na kwa miaka arobaini mradi ukabaki kwenye makabrasha kwa kukosa fedha. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Desemba 2018, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mwanzoni mwa 2024. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115 kwa jumla. Tangu siku lango lilipofungwa, Rufiji ni mto mwingine. Kwa mara ya kwanza katika historia yake, kiasi cha maji kinachoteremka kwenda Mloka kinaamuliwa na mtu aliyekaa kwenye chumba cha mitambo.

Mabwawa hufanya nini kwa mafuriko? Jirani zetu wa Kenya wana jibu la miaka zaidi ya arobaini. Katika mto Tana, Wapokomo nao walilima kwa kutegemea mto unaofurika na kurudi. Bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, juu ya mengine yaliyotangulia, mafuriko ya kawaida ya kila msimu yalipungua, na mashamba pamoja na mabwawa ya asili ya huko chini yakapoteza maji yake ya rutuba. Lakini mafuriko makubwa hayakukoma. Mwaka 2018, 2020 na tena 2024 Masinga lilijaa hadi likamwaga, na watu wa Garissa na Tana River wakahama makwao. Bwawa la umeme kwa asili yake linataka kujaa, kwa sababu maji yaliyo nyuma ya ukuta ndiyo fedha. Bwawa la kuzuia mafuriko linataka kuwa na nafasi tupu kabla ya mvua. Bwawa moja haliwezi kutumikia nia hizo mbili pasipo mtu kuamua kila mwaka ipi itangulie. Asipoamua, bwawa huondoa mafuriko madogo yaliyokuwa riziki na kuacha yale makubwa yaliyo balaa. Tuta la kingo halina tabia tofauti sana. Huko Budalang'i, magharibi ya Kenya, kingo za mto Nzoia zilinyanyuliwa kwa matuta, watu wakajenga nyuma yake kwa imani, na tuta lilipopasuka, kama mwaka 2008, maji yaliingia kwa mkupuo mahali ambapo zamani yangeingia kwa kutandaa.

Aprili 2024 swali hilo lilifika Rufiji. Maji yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, katika msimu wa mvua za El Niño ambao, kwa taarifa aliyoitoa Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa bungeni mwezi huo, uliua watu 155 nchini kote. Wananchi waliuliza kama maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyowazamisha. Serikali ilijibu kuwa chanzo ni mvua kubwa, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Jibu hilo si la kupuuzwa. Hifadhi kubwa ya maji inaweza kabisa kukata kilele cha mafuriko, na miaka ya 1968, 1974 na 1998 inathibitisha kwamba Rufiji ilijua kufurika bila bwawa lolote korongoni. Mtu anayesema bwawa ndilo lililozaa mafuriko ameisahau historia. Ila hata tukilipokea jibu hilo lote, halijajibu swali la mkulima. Yeye hakuuliza tu maji yametoka wapi. Aliuliza kwa nini hakujua. Mto usiofungwa ulimpa siku nyingi za kusoma. Mto uliofungwa hauna kitu cha kusomwa, maana kupanda kwake kunategemea lango. Aliyechukua uwezo wa kuamua amechukua pamoja nao wajibu wa kutangaza, na wajibu huo hautimizwi kwa gari la matangazo linalopita maji yakiwa yameshafika magotini.

Baada ya mafuriko hayo wito wa zamani ulisikika upya: wakazi wahame bondeni. Historia inatuwezesha kuujibu kwa makini zaidi kuliko mwaka 1968. Ndiyo, nyumba za kudumu, shule, zahanati na maghala ya mbegu yawe juu, na viwanja vya kuhamia vipimwe kabla ya maji na si baada yake. Hapana, usalama usipimwe kwa idadi ya watu waliotolewa bondeni, kwa sababu watarudi kesho na jembe. Njaa ina nguvu kuliko tangazo. Kinachotakiwa ni kuzirudisha zile nguzo mbili za kale kwa vifaa vya sasa. Nguzo ya kwanza, nafasi ya kuyapisha maji, inamaanisha makazi ya msimu yanayotambuliwa na serikali, madungu imara, njia za kupandia miinukoni zisizokatika, mitumbwi ya kijiji, na akiba ya mbegu za mlau iliyo tayari kugawiwa Mei, ili mwaka wa mpunga uliozama uwe bado mwaka wa mavuno. Nguzo ya pili, habari, inamaanisha utaratibu wa wazi wa kuendesha bwawa: kiwango cha maji nyuma ya ukuta kitangazwe, nafasi ya kupokea kilele cha Aprili iachwe mapema, na maji ya kutosha yateremshwe kila mwaka ili mlau, mabwawa ya samaki na delta visife kwa ukame ulioletwa na binadamu.

Wapo watakaosema kuwa kumwaga maji kwa ajili ya mlau ni kuupoteza umeme wa taifa kwa ajili ya wakulima wachache. Hesabu hiyo ina upande mmoja tu. Mafuriko ya kadiri yanayolisha mashamba na samaki ni huduma iliyokuwa ikitolewa na mto bure. Ikikatwa, gharama yake hurudi kwa mlango wa pili kama chakula cha msaada, kama vijana wanaohamia Dar es Salaam, kama misitu ya miinukoni inayofyekwa na watu waliokosa ardhi ya bondeni. Tena maji yanayopita kwenye mitambo yanazalisha umeme kwanza ndipo yanateremka shambani. Ugomvi haupo kati ya taa na mpunga, upo juu ya mwezi gani maji yateremke na kwa kasi gani. Hilo ni suala la ratiba, na ratiba inaweza kujadiliwa. Vyombo vya kulijadili vipo. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina makao yake Iringa, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Kinachokosekana ni kiti cha mkulima wa Mloka na mvuvi wa delta mezani pale lango linapoamuliwa, pamoja na siku maalumu ya uamuzi huo.

Siku hiyo iwe mapema, kabla ya Desemba. Huo ndio mwezi ambao Mrufiji anachagua mbegu na kuamua apande mpunga bondeni kabisa au aupandishe juu kidogo. Mpango wa maji wa msimu ukisomwa katika mkutano wa kijiji mwezi Novemba, ataufanyia kazi kama baba zake walivyoufanyia kazi mto. Ukimfikia Aprili, atakuwa ameshapanda.